Saa ya Kanisa na Video ya Harusi

Kuna watu wanaorudi Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, na koti jipya. Mimi nilirudi na diploma. Iko kwangu Kabazana, ndani ya fremu ya kioo, na sina haja ya kumwonyesha mgeni, kwa sababu nimeitundika kuelekea mlangoni, mahali ambapo macho ya anayeingia hayana pengine pa kukimbilia. Niliisomea Mbarara. Asubuhi nilikamua ng'ombe wa watu huko Kakiika, mchana niliingia darasani nikinuka maziwa, jioni nilibeba mikungu ya matoke sokoni. Hakuna shirika lililonilipia, wala mjomba wa Ulaya. Sisemi hivi ili nijisifu. Nasema kwa kuwa ni kweli, na kweli hiyo inanipendeza sana.

Wenzangu walipomaliza walitafuta ofisi mjini. Mimi nikarudi kambini kufundisha kompyuta, na kompyuta zangu zote zinatumia Linux, mfumo wa bure usio na leseni ya kununua. Mashine ambayo watu wa mjini wamekwisha kuitupa, ukiiwekea mfumo huo inaamka na kukimbia kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Nilikuwa wa kwanza kuuleta upande wetu. Kama kuna mwingine aliyenitangulia, basi alikaa kimya mno.

Hata kompyuta ya kanisa letu niliifufua mimi. Ilikuwa kiboksi kizito cha zamani, kimejaa virusi, kimefunikwa kitambaa kama maiti. Nikaifuta yote, nikaiwekea Linux, nikamkabidhi mzee wa kanisa anayetunza funguo. Mzee huyu alikuwa mfugaji kule Kivu ya Kusini, na anaitunza nyumba ya Mungu kama alivyotunza zizi: kila kitu mahali pake. Ukutani ametundika saa kubwa ya mshale aliyoitegesha mwenyewe. Ikiwa ni saa mbili ya asubuhi, mshale mfupi uko kwenye mbili, si kwenye nane kama saa za watu wengine. "Nyumba ya Mungu haisomi saa kinyume," husema. Wahubiri huhubiri kwa saa ile, kwaya huingia na kutoka kwa saa ile, na hakuna anayebisha.

Sasa, mama mmoja.

Ni mjane, fundi cherehani, kibanda chake kinatazamana na kanisa. Suruali niliyoivaa siku ya kwanza ya chuo ilitoka kwenye cherehani yake. Siku hizi hashoni kwa macho, anashona kwa vidole, maana mtoto wa jicho amemfunika jicho moja na ameanza kulisogelea la pili. Binti yake wa pekee aliondoka na shangazi yake kwenda Kanada akiwa bado msichana wa shule, na faili ya mama ya kuhamishiwa huko ikabaki nyuma. Tangu hapo ni sauti tu kwenye simu.

Wiki ile alivuka barabara, akasimama mlangoni pa darasa langu wanafunzi wakiwa bado ndani.

"Mwana yangu, si wewe ulisomaka mambo ya mashine?"

"Nilisoma, mama, na nikafaulu vizuri."

"Sikuulize kama ulifaulu. Nakuuliza kama utanionyesha mutoto yangu akiolewa."

Wanafunzi walicheka, na mimi nikacheka nao ili nisichekwe peke yangu. Akanieleza. Binti alikuwa anafunga ndoa Posho ile, yaani Jumamosi, na kanisa la huko huonyesha ibada zake zote moja kwa moja kwenye tovuti yake. Kule ingekuwa asubuhi, kwetu jioni. Nikamwambia ni jambo dogo, nitamshikia simu yangu atazame.

"Kwa simu niko naona kivuli tu," alisema. "Bananionyeshaka picha, naitika ndiyo, ndiyo, ni muzuri. Sione kitu. Nataka fasi kubwa. Nataka ukuta."

"Tutaweka ukutani, mama. Na kama mtandao utasumbua, nitaihifadhi uitazame kesho yake."

Alinitazama kwa lile jicho lililobaki. "Kigelegele ya kesho ni makelele."

Hapo nikaelewa, maana hata mimi ni wa kule Kivu alikotoka. Kwetu, bibi harusi anapokanyaga kizingiti cha kanisa akitoka, sauti ya kwanza kusikika inapaswa kuwa kigelegele cha mama yake. Si ya shangazi, si ya kwaya. Msichana anayetoka bila kigelegele cha mama ni yule aliyetoroshwa usiku. Mama huyu hakuwa na namna ya kufika Kanada, lakini alitaka binti yake atoke mlangoni kama mtoto mwenye kwao, na kwa hilo ilimbidi aone kile kizingiti kwa macho yake, wakati ule ule, si kesho.

Nikampa neno langu. Neno la mwenye diploma si mate.

Siku ya Jumatano tulifanya jaribio kanisani. Niliita mwenye projekta kutoka Kaberebere, Munyankore mwenyeji wa huku, mnene mwenye maneno, ambaye jioni huonyesha mpira kwenye kibanda chake. Tukafunga shuka jeupe ukutani. Nikawasha kompyuta ya kanisa, nikaiunganisha na intaneti ya simu yangu, nikafungua tovuti ya lile kanisa la Kanada, nikachagua ibada ya Jumapili iliyopita. Mama alikuwa mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki. Nikabonyeza.

Shuka likawa jeusi. Katikati kukatokea sentensi moja nyembamba ikisema kwamba kivinjari hakina uwezo wa kucheza video ya aina hii.

"Ssebo," mwenye projekta akasema, akiniita bwana kwa dhihaka, "mimi huwa naonyesha mpira. Leo umeniita nionyeshe giza?"

"Subiri."

"Hii kompyuta yako si ni ile ya bure? Sasa nimejua kwa nini iko bure."

Watu waliangua kicheko, na mama akageuza kichwa huku na huku akiuliza, "Imeanza? Imeanza?"

Nilikuwa najua tatizo kabla kicheko hakijaisha. Video husafiri ikiwa imekunjwa na kubanwa kama robota la mitumba, vinginevyo isingepita kwenye waya. Kuna namna nyingi za kufunga robota, na nyingine zina wenyewe wenye haki zao. Kwa hiyo wale wanaotengeneza mfumo wa bure hawaweki kisu cha kukatia kamba hizo ndani ya sanduku. Wanakuachia ukakichukue mwenyewe. Kisu hicho kinaitwa kodeki, na kukichukua ni kuandika amri moja tu. Nilikunja mikono ya shati, nikaiandika hadharani bila kutazama vidole, nikapiga kitufe cha mwisho kwa kishindo.

Mashine ikakataa. Ilisema orodha ya vifurushi, yaani programu za kupakua, haijaanza kutumika, itaanza baada ya muda wa saa tano na dakika kadhaa.

Nikajaribu tena. Ikakataa tena, dakika zikiwa zimepungua kidogo. Sikuwahi kuona mashine inayomwambia mtu aje baadaye kama karani wa ofisi. Nikalaumu mtandao wa simu, kama tunavyofanya sote. Nikatangaza kwamba kesho naipeleka Mbarara kwenye intaneti ya waya.

Mzee wa kanisa alisimama mbele ya meza. "Hii ni mali ya Mungu. Haijatoka humu tangu iingie."

"Itarudi kesho kutwa, mzee. Ikiwa nzima."

Aliiwekea mikono, akaiombea safari njema kirefu, akataja mpaka barabara. Kisha akanisaidia kuifunga kwa blanketi.

Nilipanda bodaboda nimeibeba mgongoni kwa kitenge, kama mama na mtoto wake. Wanawake wa sokoni walipiga kelele: "Baba, mutoto anatoa miguu nje!" Kwa kweli ni waya uliokuwa unaning'inia. Pale Kaberebere nikapata gari, nikaipakata mpaka mjini.

Mwenzangu mmoja wa darasa ana karakana ya kompyuta Kakiika, hatua chache kutoka kwenye zizi nilikokuwa nakamua. Darasani nilikuwa namshinda, na bado huwa namkumbusha. Intaneti yake ni ya waya, inakimbia kama maji ya mteremko. Nikaunganisha, nikaandika amri yangu, nikakaa nikitabasamu.

Ikakataa. Maneno yale yale: haijaanza kutumika, baada ya saa tano na dakika kadhaa.

Hapo ndipo damu ilianza kunichemka, na nakiri ilikuwa raha. Kuna watu ambao tatizo likiwazidi wanasinzia. Mimi naamka. Kumbe mtandao hauna kosa! Nikabadilisha mahali pa kuchukulia vifurushi, nikajaribu pa Afrika Kusini, nikajaribu pa Ujerumani. Pote jibu moja. Nikaegemea kiti nikiitazama ile sentensi. Haijaanza kutumika. Itawezekanaje orodha iliyoandikwa asubuhi hii isianze kutumika mpaka jioni? Ilikuwa kama mashine imekaa nyuma, inaona barua ikifika kutoka siku ambayo bado haijaiona.

Mwenzangu alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza nyingine akivuta waya. Akaita kutoka huko: "Wewe mtu wa diploma! Saa ngapi huko juu? Tumbo yangu inasema matooke imeiva."

Nikatazama pembe ya skrini, pale saa inapokaa. "Saa sita na dakika kumi," nikasema.

Nikaisoma tena. Kitu fulani kilinigusa begani.

Kila mtu wa kwetu anajua mchezo huu hata kama hajawahi kuufikiria. Saa ya mashine inasema kumi na mbili, mdomo wetu unasema sita. Inasema nane asubuhi, tunasema mbili. Tunageuza bila kujua kwamba tunageuza, kama vile mtu anavyohama kutoka lugha ya nyumbani kwenda Kiswahili akivuka mlango. Lakini mara hii sikugeuza. Nilisoma kama ilivyo. Pale pembeni paliandikwa sita na dakika kumi, wazi kabisa, na jua lilikuwa utosini!

Tangu Jumatano jicho langu lilikuwa linaipita saa ile bila kuuliza kitu, kwa sababu ilikuwa inasema kweli. Ilikuwa kweli ya Kiswahili. Mzungu yeyote angeishtukia mara moja. Ni sisi tu tungeweza kuitazama siku nzima tukaiona iko sawa. Na mashine ile maskini, yenye kujua kusoma saa kwa namna moja tu, iliamini kuwa jua ndiyo kwanza linachomoza, ikazikataa orodha za asubuhi kwa kuwa kwake zilikuwa za baadaye.

Nilipiga meza kwa kofi mpaka mwenzangu akajigonga kichwa huko chini.

"Nini? Umeme?"

"Saa! Ni saa!"

"Si umeniambia ni saa sita?"

"Ndiyo hiyo hiyo!"

Nikafungua mipangilio. Ile alama inayoiacha mashine ijirekebishe saa yenyewe kwa intaneti ilikuwa imezimwa. Nilijua kidole cha nani. Nikamwona mzee wetu wa kanisa, miwani puani, akitazama saa yake ya ukutani, kisha akitazama skrini, kisha akiikosoa skrini taratibu kwa hasira takatifu. Na kila ilipopata mtandao ikajirudisha, mpaka akatafuta mahali pa kuifunga mdomo. Kusema kweli nilimheshimu. Kuna wanafunzi wangu ambao hawajawahi kupafikia mahali pale.

Nikaiwasha ile alama. Saa ikaruka. Nikaandika amri yangu, na mistari ikaanza kushuka kwenye skrini kama mvua juu ya bati, vifurushi vikiingia kimoja baada ya kingine, hakuna hata kimoja kilichobisha. Nikafungua tovuti ya Kanada, ibada ya Jumapili. Kiduara kikazunguka. Halafu ghafla, kwaya! Watu wa kwetu, wamevaa makoti mazito, wakiimba kwa Kiswahili chetu, meno nje. Nilicheza pale karakanani mpaka wateja wakasimama mlangoni. Mwenzangu alinipa mkono huku akijipapasa kichwa. "Sawa, ssebo. Bado wewe ni namba moja." Nilimwomba arudie, akarudia.

Jumamosi asubuhi kompyuta ilikuwa mezani pake kanisani. Mzee aliifunua, akainama, akaitazama pembe ya skrini, akatazama ukutani kwake.

"Kijana. Imeanza tena kudanganya."

"Haidanganyi, mzee. Ndiyo lugha yake."

"Ni saa tano. Yenyewe inasema kumi na moja. Saa kumi na moja jua linakwenda kulala! Unaona jua linakwenda kulala?"

Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kipanya. Nilijua akiirudisha, kila kitakachohitaji kuongezwa baadaye kitagoma upya, na sikuwa tayari kubeba kiboksi mgongoni mara ya pili. Nikamweleza mambo ya seva na vifurushi. Nilieleza vizuri sana, na hakuelewa hata neno moja.

Aliyetuokoa ni mama. Alikuwa amekaa mlangoni akimalizia pindo la kitenge chake cha harusi. Akakata kipande kidogo cha kitambaa kilichobaki, akakinyoosha kuelekea sauti zetu.

"Muifunike. Mutu mwenye kusema uongo mbele ya bageni, banamufunika kinywa."

Mzee alifikiri. Kisha alichukua gundi ya karatasi, akakibandika kile kipande cha kitenge juu ya pembe ya skrini, akakilainisha kwa kidole gumba. "Sawa," alisema. "Idanganye peke yake, mu giza."

Jioni ile kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mwenye projekta alikuja na jenereta yake, akaifungia mbali nyuma ya choo ili isitupigie kelele. Simu yangu niliifunga kwenye ncha ya nguzo ya mkaratusi tuliyoipitisha dirishani, maana huko juu ndiko mtandao ulikokuwa na nguvu. Mama alikuwa mbele, amejifunga kitenge kipya, mikono magotini, mdomo umefungwa kama anayetunza maji.

Nikabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, na watu wakakizungusha pamoja kwa pumzi. Halafu ukuta mzima ukajaa maua meupe, na nyuma ya maua, watu, na katikati ya watu, msichana mrefu aliyevaa gauni jeupe.

Kanisa lilipasuka kwa shangwe. Watu walisimama juu ya mabenchi. Nilitaka kugeuka niwatazame wote, niwaulize nani sasa anacheka kompyuta ya bure, lakini niligundua jambo: hatusikii chochote. Pasta wa kule alikuwa anafungua mdomo na kuufunga kama samaki.

"Ssebo," sauti ya Kaberebere ikatoka gizani, "hii harusi ni ya mabubu?"

Nilijua pa kushika. Sauti ilikuwa imekimbilia kwenye waya wa projekta badala ya kwenda kwenye spika za kanisa. Ni jambo la kubonyeza mara mbili. Nikainama kwenye kibodi.

"Wanageuka," mtu akasema. "Wanatoka! Wanakuja mlangoni!"

"Yuko wapi?" mama aliuliza. "Mweupe ni yeye?"

"Ngoja, mama, nakuletea sauti, nakuletea sasa hivi—"

"Wacha sauti."

Alikuwa amesimama. Alilisogelea shuka mpaka kivuli chake kikapanda juu ya picha, akainua uso. Kule ukutani binti alikuwa anatembea kati ya viti, bega moja limetangulia kidogo.

"Ni yeye," mama alisema. "Anatembea kama baba yake."

Binti akafika kizingitini. Mama akafungua mdomo.

Nimesikia vigelegele vingi. Kile kilianzia chini, kikapanda, kikakaa juu bila kushuka, na nilipodhani pumzi imekwisha, kikaongeza. Kisha wanawake wote wa kanisa wakakipokea, na bati likatetemeka. Hapo ndipo vidole vyangu vilipata kitufe. Spika zikafunguka zote mbili, sauti ya Kanada ikaingia kanisani ikiwa safi, na hakuna mtu hata mmoja aliyeisikia.

Binti alisimama kidogo pale mlangoni, akainua kichwa. Najua, kama anavyojua kila aliyesoma, kwamba picha ya moja kwa moja hufika ikiwa imechelewa, tena hairudishi sauti kule ilikotoka, na kwamba alipokuwa anainua kichwa mbele yetu, kule alikuwa ameshafika kwenye gari. Mtu aliniuliza baadaye kama alisikia. Nilisema ndiyo.

Mwenye projekta alikuja akanishika kiwiko. "Ssebo, ile kitu ya bure. Na mimi utaniwekea?" Nilimwambia apange foleni, ingawa foleni ilikuwa haina mtu.

Kesho yake, Jumapili, mshale mfupi ulipofika kwenye tatu, kwaya ya akina mama iliingia. Mama alikuwa mstari wa mbele kama kawaida, lakini mdomo wake ulikuwa unacheza bila kutoa kitu. Mwongoza kwaya alimtazama kwa kuuliza. Mama alijigusa koo, akatikisa kichwa, kisha akanyoosha kidole moja kwa moja kwangu, mbele ya kanisa lote, kama anayemwonyesha mwizi wa sauti yake. Nilisimama, nikainama kidogo, nikapokea.